Chombo cha Kale na Amana ya Mnunuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, na maneno yao ni ya kweli sokoni, pahala ambapo kila kilichotandazwa kimeletwa kwa nia ya kuuzwa. Walakini vipo vyombo ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya soko. Ngoma ya jadi haikuchongwa ili ipate bei. Ilichongwa ili ipate sauti. Sanamu ya mzee wa ukoo haikuchongwa ili ipambe ukumbi wa mtu, bali ili walio hai wapate pa kusemea na waliotangulia. Vyombo vya aina hii navyo hufika sokoni, na watu waungwana, wenye elimu na mapenzi ya vitu vizuri, huvinunua. Suali linalostahili kuulizwa ni hili: mtu anaponunua chombo cha kale kilichokuwa na kazi yake miongoni mwa watu, ananunua nini hasa? Ananunua mti, ngozi na shaba peke yake, au ananunua pia haki ya kukinyamazisha?

Suali hili laweza kuulizwa popote, lakini lina uzito wake katika nchi ya Mpanda na mkoa mzima wa Katavi. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mji wa Mpanda nao ulikuzwa na machimbo ya madini ya risasi, na reli ya tawi kutoka Kaliua ililetwa kwa ajili ya madini hayo. Lakini ardhi ni ya kale na watu wake ni wa asili nyingi: Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, kisha Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, kisha watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakapewa makaazi Katumba na Mishamo, ambao wengi wao walikabidhiwa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kila kundi lina vyombo vyake vya sauti na vya heshima. Na jina la Katavi lenyewe latokana na Katabi, mzimu ambao wenyeji huuhusisha na mkwaju ulio karibu na ziwa la Katavi, ambako watu huweka sadaka. Mpita njia akikuta vitu chini ya mti ule, hawezi kusema kwamba vimetupwa. Vimewekwa. Baina ya kutupwa na kuwekwa ipo tofauti isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo tofauti ambayo mnunuzi wa vya kale hutakiwa aijue kabla hajafungua mfuko wake.

Chukua mfano wa kubuni, lakini usio mbali na maisha. Katika kijiji kimoja cha upande wa ziwa, kijana amerithi kwa babu yake ngoma kubwa iliyokuwa ikipigwa anapotawazwa mtemi na anapokufa mtu mzima. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na tangu hapo ngoma ile haikutawaza mtu. Imebakia kupigwa misibani tu, tena kwa nadra. Ngozi imelegea, na mchwa wameanza kuonja mguu wake. Akaja mgeni kutoka mjini, mtu mpole, mwenye kujua kuthamini. Akaitazama ngoma kwa muda mrefu, akaigusa kwa adabu, akataja bei inayolingana na magunia mengi ya mahindi. Kijana ana mtoto sekondari na nyumba isiyo na bati. Akakubali. Hakuna aliyeibiwa wala aliyedanganywa. Mnunuzi amefurahi, na muuzaji amefurahi. Ila yupo bibi mmoja jirani ambaye, alipoiona ngoma inapakiwa garini, aliuliza neno moja tu: "Na mimi siku nikifa, nitaliliwa na nini?" Suali lile halikuwa la kijana peke yake wala la mnunuzi peke yake, na bei iliyolipwa haikuwa na jawabu yake.

Ni wepesi kumlaani mnunuzi. Lakini watu wa pwani na visiwani hawana budi kujitazama kabla ya kulaani, maana wao wenyewe ni wakusanyaji wa tangu na tangu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, kuta zilichongwa zidaka safu kwa safu, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina. Kilwa, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta vigae vya Kichina vingi mno. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na ya Mambrui, bakuli na sahani za Kichina zilipachikwa katika chokaa ili ziwatukuze marehemu. Je, mabwana wale waliokufa karne nyingi zilizopita walikuwa wamemdhulumu mtu? La hasha. Vyombo vile vilifinyangwa na kuchomwa katika tanuri kwa maelfu, kwa nia ya kuuzwa, vikapakiwa majahazini, vikapita mikono mingi ya bandari za Bahari ya Hindi, na kila mkono ukapata faida yake. Mfinyanzi wa Uchina hakuwa na agano na bakuli lile; alikuwa na hesabu. Na mnunuzi wa pwani, alipolipachika kaburini, hakuliua. Alilipa kazi mpya, tena kazi tukufu kuliko ile ya kupakuliwa wali.

Hapa pameonekana tofauti ya kwanza. Kimoja ni chombo kilichotengenezwa kwa soko, na kingine ni chombo kilichotengenezwa kwa agano. Cha kwanza ni halali ya kila mwenye fedha. Cha pili kimefungamana na watu, na anayekiuza huuza pamoja nacho kitu ambacho si chake peke yake. Tena hali ya chombo hubadilika kwa mahala kilipowekwa. Bakuli la Kichina lilipokuwa dukani lilikuwa bidhaa. Lilipokwisha kupachikwa kaburini likawa agano. Leo nguzo nyingi za makaburi ya pwani zimebakiwa na mashimo ya duara, matupu, yaliyoachwa na vyombo vilivyobanduliwa. Aliyelinunua bakuli bandarini hakukosa, lakini aliyelibandua kaburini amekosa, ingawa bakuli ni lile lile.

Lau tofauti hii ingetosha, suali lingekwisha hapa: vya soko vinunuliwe, vya agano viachwe. Lakini haitoshi, na wanaothibitisha kwamba haitoshi ni Wachina wenyewe. Katika vyombo vyao vya muziki, kilichotukuzwa na wasomi kuliko vyote ni qin, kinanda kirefu chenye nyuzi saba, kinacholazwa juu ya meza na kuchezwa kwa vidole. Wasomi wa zamani waliihesabu qin miongoni mwa sanaa nne zilizompasa muungwana, pamoja na bao la Kichina, maandishi na uchoraji. Chombo kama hiki kilikuwa cha moyo, na kwa wengi kilikuwa ni mwenza. Ipo hadithi yao mashuhuri ya Bo Ya, mpiga qin, aliyekuwa na rafiki mmoja, Zhong Ziqi, aliyefahamu kila alichokusudia katika upigaji wake. Rafiki alipofariki, Bo Ya alikivunja chombo chake asikipige tena, kwa kuwa hakubaki wa kukisikia. Hadi leo Wachina humwita rafiki wa kweli kwa neno lenye maana ya mjuzi wa sauti.

Juu ya yote hayo, qin zimenunuliwa na kuuzwa miongoni mwa wasomi kwa karne nyingi, wala hapana aliyesema kwamba agano limevunjwa. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza sanaa ya qin kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu usioshikika, na mwaka 2010 qin moja ya zama za Song ilinadiwa mjini Beijing ikafikia zaidi ya yuan milioni 130. Chombo cha agano, basi, chaweza kununuliwa pasi na agano kufa. Vipi?

Siri imo katika mambo mawili ambayo mtu huyaona akiipindua qin kongwe na kuitazama vizuri. La kwanza ni nyufa. Mwili wa qin hupakwa utomvu wa mti maalumu, tabaka juu ya tabaka, na baada ya mamia ya miaka utomvu ule hupasuka nyufa nyembamba, ambazo wajuzi wamezipa majina: nyufa za tumbo la nyoka, nyufa za manyoya ya ng'ombe, nyufa za maua. Nyufa hizo ndizo shahada ya umri wa chombo, na wanunuzi huzilipia sana. Lakini wajuzi hao hao husema kwamba haziletwi na miaka peke yake, bali pia na mtikisiko wa kupigwa. Kinacholipiwa na mnunuzi, kwa hivyo, ni alama ya sauti za wote waliomtangulia. Mtu akiinunua qin ya namna hiyo na kuifungia kabatini daima, amekula matunda ya kupigwa kwake huku akiizuia isipigwe. Amevuna bila ya kupanda. Zipo qin za zama za Tang, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, ambazo zingali zikitoa sauti, na sababu ni kwamba katika mikono mingi zilizopitia, aghlabu walikuwamo waliojua kuzipiga.

La pili ni maandishi. Mgongoni mwa qin huchongwa jina lake, maana kila qin ya heshima ina jina, na pembeni mwa jina wamiliki waliofuatana huongeza mihuri yao, majina yao, pengine na beti zao. Ni silsila. Kama vile mpokezi wa habari anavyotakiwa aeleze ameipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka ifike kwa msemaji wa kwanza, ndivyo na mwenye qin anavyojiandika katika mlolongo wa waliokuwa nayo. Anajua kwamba mbele yake walikuwapo wengine, na nyuma yake watakuja wengine. Hiyo ndiyo maana ya msemo wa Waswahili kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu hutumika kuwaonya wafanyabiashara, lakini unalingana zaidi na vyombo vya kale, kwa sababu chombo kilichopotelewa na daftari hakikupoteza thamani ya fedha tu. Kimepoteza watu wake.

Mtu ataweza kupinga hivi: si kila chombo cha kale chafaa kupigwa, na vingine mapenzi ya kweli ni kuviacha vikae kimya. Pingamizi hii ni ya haki. Mwaka 1978, katika jimbo la Hubei, lilichimbuliwa kaburi la Yi, mtawala wa nchi ya Zeng aliyekufa katika karne ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Ndani yake mlikuwa na kengele 65 za shaba, zilizotundikwa kwa safu, kila moja ikitoa sauti mbili mbalimbali kwa kadiri ya pahala inapogongwa. Tangu kuchimbuliwa, kengele zile za asili zimepigwa hadharani kwa nadra mno, kwa hofu ya kuziharibu. Ila waliozinyamazisha hawakuridhika na kimya. Zilitengenezwa nyingine kwa mfano wao, kwa vipimo na kwa sauti, na hizo ndizo zinazopigwa. Yapo basi makimya mawili. Kipo kimya cha mlezi anayemlaza mgonjwa, na kipo kimya cha mtu anayemfungia mwenziwe chumbani. Kwa nje vinafanana. Hukumu yake imo katika kuuliza kama sauti imetafutiwa njia nyingine ya kutokea.

Na watu wa Burundi waliofika Mpanda mwaka 1972 ni ushahidi wa jambo hilo hilo. Ngoma kubwa za nchi yao huchongwa katika mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, na kabla ya ufalme kuanguka mwaka 1966 ngoma zilikuwa ni jina la ufalme wenyewe. Mtu akimbiaye usiku na watoto wake hafungi ngoma kama ile mgongoni. Anachoweza kuvuka nacho mpaka ni ujuzi: mti gani ukatwe, ngozi gani iwambwe, mkono uanze vipi. Ujuzi ukiwapo, mti hupatikana. Ujuzi ukifa, hata ngoma elfu zikihifadhiwa, hazitakuwa ila magogo matupu. Kwa hiyo anayenunua ngoma kuukuu katika kijiji asidhani kwamba ameuhifadhi utamaduni wa kijiji kile. Ameuhifadhi mti.

Kufikia hapa yamezungumzwa manunuzi ya ridhaa. Lakini historia ya Katavi ina kisa kingine, na hakuna anayeweza kulijadili suala hili kwa uaminifu akakiruka. Karema iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Mbelgiji aitwaye Cambier alijenga hapo kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, jumuiya iliyoasisiwa na mfalme Leopold II. Mwaka 1882 akaja Émile Storms kukiongoza, na mwaka uliofuata akavuka ziwa akajenga kituo kingine huko Mpala, pwani ya magharibi. Huko alipambana na Lusinga, mkuu wa Watabwa. Mnamo Desemba 1884 watu wa Storms walimwua Lusinga na kumkata kichwa. Storms aliporudi Ulaya mwaka 1885, na Karema ikaachiwa Mapadri Weupe, alikuwa amechukua fuvu la Lusinga na sanamu ya mti ya mzee wa ukoo wake, sanamu ambayo ndani yake ulisimama utawala wa Lusinga na wa waliomtangulia. Sanamu ile ikakaa Brussels, nyumbani mwa Storms, kuwa pambo pamoja na silaha na vitu vingine vya ushindi. Katika miaka ya 1930 mjane wake alivitoa vitu hivyo. Sanamu ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, na fuvu likahifadhiwa Brussels kama kitu cha elimu.

Lusinga hakuwa mtu wa rehema. Naye alikuwa akikamata watu na kuwauza, na kwa wanyonge wa nchi ile kifo chake huenda kilikuwa faraja. Walakini dhambi ya mwenye mali haimpi mwingine hati ya mali yake, na sanamu ya wazee haikuwa ya Lusinga peke yake hata iende naye. Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba fuvu na sanamu vilisafiri pamoja. Mkono uliovichukua haukuvitenga. Vyote viwili vilikuwa na maana moja: mwenye hivi amekwisha. Sanamu ilipowekwa sebuleni, kimya chake hakikuwa bahati mbaya. Kimya ndicho kilichokusudiwa. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe, iliyokuwa imesimama katika bustani moja ya Brussels, iliondolewa, na mwaka huo huo Ubelgiji ilipitisha sheria ya kufungua njia ya kurejesha vitu vilivyochukuliwa kwa dhulma zama za ukoloni.

Mnunuzi wa leo atasema: mimi si Storms; sikumwua mtu, nilitoa fedha yangu halali. Ni kweli. Lakini fedha halali haikisafishi chombo kilichofika mnadani kwa njia chafu. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalilipora Yuanmingyuan, kasri la kiangazi la wafalme wa Uchina karibu na Beijing, kisha Waingereza wakalichoma. Mlikuwa na vichwa vya wanyama 12 vya shaba, vilivyotoa maji kuonyesha saa za siku. Viwili kati yake, cha panya na cha sungura, viliingia katika mkusanyo wa Yves Saint Laurent, na mwaka 2009 vikanadiwa Paris. Mchina mmoja, Cai Mingchao, alitaja bei kubwa kuliko wote, kisha akakataa kulipa, akitaka ijulikane kwamba kilichoporwa hakiuziki. Mwaka 2013 familia ya Pinault ya Ufaransa iliviregesha Uchina. Kwa zaidi ya miaka 150 vichwa vile vilihama mikono, lakini kuhama kwa mikono hakukufuta namna vilivyotoka mkono wa kwanza.

Tanzania nayo ina kisa chake. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde, lipiko, iliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikanunuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 ikatambulikana kuwa ni ile ile iliyoibwa, na mwaka 2010, baada ya mazungumzo marefu, ikarejeshwa Tanzania. Kisa hiki chafundisha mawili. Kwanza, mtu aweza kununua dukani kwa bei kamili na bado akawa anashika cha wenyewe. Pili, lipiko ile ilirudi kwa kuwa ilijulikana ilikotoka. Ilikuwa na daftari. Ngoma ya kile kijiji cha mfano haina daftari popote. Ikionekana kesho ukutani mwa mtu, Ulaya au Arabuni, nani atakayesema, hii ni ya fulani? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakataza vitu vya kale kupelekwa nje ya nchi bila ya kibali. Lakini sheria hulinda mpaka, na ngoma hutoka kijijini zamani kabla ya kufika mpakani.

Imebakia pingamizi iliyo nzito kuliko zote, nayo haiji kutoka kwa mnunuzi bali kwa yule kijana. Atasema: mnaniambia nisiuze, na mchwa wanakula. Mnaniambia ngoma ni ya wote, lakini ada ya shule ni yangu peke yangu. Wakati wa kuitengeneza ngozi hakuja mtu. Wakati wa kuiuza wamekuja wote kunishuhudia. Maneno haya hayana jawabu ya mdomoni. Anayehimiza kwamba ngoma isiuzwe, na hali hana anachochangia katika kuitunza, anaupamba uungwana wake kwa njaa ya mwenziwe. Kama chombo ni cha wote, basi na gharama yake ni ya wote: kijiji kichange ngozi mpya, shule impe mzee mahala na malipo ya kuwafundisha vijana upigaji, serikali ya mtaa ijue kilipo na kukiandika. Pasipokuwa na hayo, kumzuia maskini asiuze ni dhulma kwa jina la utamaduni, na lawama ya ngoma kupotea iwafikie waliosikiliza miaka yote bila ya kutoa kitu.

Kwa hiyo yako mazingira ambamo kijana atauza, na mnunuzi atanunua, na haitakuwa dhambi. Ila itakuwa amana. Katika amana, aliyewekewa kitu ana haki ya kukishika, kukilinda, hata kukifurahia kwa kiasi. Hana haki ya kukiangamiza wala ya kukana kilikotoka. Bei aliyotoa imemaliza hesabu baina yake na muuzaji. Haikumaliza hesabu baina yake na aliyekichonga, wala baina yake na yule bibi aliyeuliza nitaliliwa na nini. Hesabu hiyo hailipwi kwa fedha. Hulipwa kwa kuandika jina la kijiji na la mchongaji, na kazi iliyokuwa ikifanywa na ngoma ile, wala si "ngoma ya Kiafrika" basi. Hulipwa kwa kugharimia ngoma nyingine ichongwe pale pale kabla ile haijaondoka, kama zilivyotengenezwa kengele mpya kwa mfano wa zile za Zeng. Hulipwa kwa kuurudisha mti wenyewe siku wenyewe watakapoutaka na wataweza kuutunza. Atakayeona masharti haya ni mazito, anunue vya soko, maana ni vingi, ni vizuri, na hakuna atakayemlaumu.

Mpenzi wa vitu vya kale aghlabu hujisifu kwamba ana jicho. Jicho ni neema, na bila ya watu wenye jicho vitu vingi vizuri vingekwisha kuwa kuni. Lakini kwa chombo cha sauti jicho halitoshi. Bo Ya hakumtafuta mtu wa kukisifia kinanda chake uzuri wa mti na wembamba wa nyuzi. Alimtafuta wa kusikia. Mnunuzi akiweza kuyasikia mambo mawili kwa pamoja, sauti iliyomo ndani ya ngoma na sauti ya yule anayeachwa bila ya ngoma, fedha yake itakuwa imenunua kitu. Akiisikia moja tu, amenunua gogo, na amelilipia ghali.